Miaka 30 jela bila wakili: Katiba iseme waziwazi

Mhariri,

Mwezi uliopita mama wa kijana niliyemfundisha shule ya msingi aliniletea bahasha yenye nakala ya mwenendo wa kesi ya mwanawe, akaniomba nimsomee. Kijana huyo amehukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Sisemi kwamba hana hatia, kwani hilo litaamuliwa kwenye rufaa. Kinachonifanya nikuandikie ni jambo nililolishuhudia mwenyewe siku mlalamikaji alipotoa ushahidi, nami nimelikuta tena katika kurasa hizo: kijana alishtakiwa, akasikilizwa na akafungwa bila wakili.

Siku hiyo shahidi alieleza kwamba alimtambua mshtakiwa usiku kwa mwanga wa tochi. Hakimu akamgeukia kijana na kumuuliza kama ana maswali. Akajibu, “Mheshimiwa, huyu anasema uongo, mimi nilikuwa nyumbani nimelala.” Hakimu akamweleza kwa upole kuwa huo ni utetezi na zamu yake itafika; kwa sasa aulize swali. Kijana akashika ukingo wa kizimba, akatutazama sisi tuliokaa kwenye mabenchi, kisha akasema hana swali. Shahidi akaruhusiwa kushuka.

Wakili yeyote, hata aliyeapishwa jana, angekuwa na maswali. Tangu uamuzi wa mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu na lazima upimwe kwa makini: mwanga ulikuwa wa namna gani, shahidi alisimama umbali gani, alimwona mtu huyo kwa muda gani, na je, alimfahamu kabla ya siku hiyo. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama aliishika mvamizi na kummulika shahidi usoni, shahidi aliona nini zaidi ya mwanga wenyewe? Swali hilo halikuulizwa, na aliyepaswa kuliuliza ni kijana aliyeishia darasa la saba.

Yako mengine. Aliposema alikuwa nyumbani hakujua kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mwenye utetezi wa aina hiyo atoe taarifa mapema, na asipofanya hivyo mahakama inaweza kutoupa uzito wowote. Polisi walipoleta maelezo ya onyo, yaani maelezo aliyoandikwa kituoni baada ya kuonywa, aliulizwa kama ana pingamizi, akajibu hana. Mama yake ananiambia kwamba alidhani anaulizwa kama sahihi ile ni yake. Pingamizi lisipotolewa pale pale, kulitoa kwenye rufaa ni kuchelewa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya “kusikilizwa kwa ukamilifu”. Nayapenda maneno hayo, lakini hayamtaji wakili. Wenzetu wa Kenya, katika Ibara ya 50 ya Katiba yao ya mwaka 2010, wameandika kwamba mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya Serikali iwapo bila hivyo haki itapotea kwa kiasi kikubwa, na kwamba ataarifiwa mapema kuhusu haki hiyo. Sisi tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayomwezesha hakimu au jaji kuelekeza kuwa mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale maslahi ya haki yanapodai. Sheria hiyo ni njema, ila inategemea hakimu aone haja hiyo, au mshtakiwa ajue kuomba. Wasaidizi wa kisheria walioko vijijini wanafanya kazi kubwa, lakini hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu hupangiwa wakili anayelipwa na Serikali, ilhali anayekabiliwa na miaka 30 katika Mahakama ya Wilaya, kwa kosa lisilo na dhamana, hujitetea mwenyewe akitokea mahabusu, asikoweza kutafuta fedha wala mashahidi. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa nchini, Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki ya mfungwa mmoja wa kosa kama hili kwa kutompa wakili, na mwaka uliofuata ikaamua vivyo hivyo kwa mwingine. Badala ya kuziba pengo hilo, mwezi Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Najua litatolewa jibu la ukosefu wa fedha. Lakini Serikali hiyo hiyo inamlipa mpelelezi, inamlipa mwendesha mashtaka, na itamlisha mfungwa huyu kwa miaka 30.

Ninaomba Katiba mpya, itakapoandikwa, iitaje haki ya wakili kwa jina lake. Kabla ya hapo, ninaiomba Mahakama ielekeze kwamba katika kila shtaka lenye adhabu ya miaka 30 au maisha, hakimu amweleze mshtakiwa siku ya kwanza kuwa anaweza kuomba wakili, na aandike kwenye mwenendo kwamba amemweleza na jibu alilopewa. Nimezisoma kurasa zote alizoniletea yule mama, mara mbili, na sijaiona sentensi hiyo. Nilichokiona ni maneno haya, chini ya ushahidi wa kila shahidi: “Mshtakiwa: Sina swali.”

Mwalimu mstaafu,
Mwanza