Wachina wa ng'ambo hawakuwa watu wasio na dini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu dai lililozoeleka mno hapa Mombasa tangu ujenzi wa reli ya SGR, kwamba Wachina ni watu wasio na dini, wasiochanganyika na wenyeji, na wasiojua jambo jingine ila kazi na biashara. Dai hili husemwa barazani na wakati mwingine huandikwa hata magazetini bila mtu kuuliza ushahidi. Historia ya Wachina waliohamia ng'ambo inalikanusha, na ajabu ni kwamba linasemwa katika mji ambao Mabohora, Makhoja, Wabaluchi na Wagoa walipohamia, kila kundi lilijipangia mambo yake ya ibada, ndoa na maziko.

Nadhani kinachotupotosha ni kutafuta dini mahali tulipozoea kuiona. Mchina wa kawaida wa karne ya 19 hakutoa shahada wala kubatizwa, na hakuwa na siku moja ya juma ya kukusanyika. Aliheshimu mizimu ya wazee wake, akachukua haya kwa Wabudha na yale kwa Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina, asione ukinzani wowote. Nyuma ya duka palikuwa na kimeza chenye sanamu ya Guan Di, jemadari wa kale aliyefanywa mlinzi wa wafanyabiashara na wa viapo vya udugu, na mbele yake machungwa machache na vijiti vya udi. Mteja aliyeingia kununua sukari angeweza kupita miaka asikione.

Huko Singapore, wahamiaji wa Kihokkien kutoka mkoa wa Fujian walianza na kihekalu kidogo ufukweni Telok Ayer, ambako aliyeshuka chomboni salama alimshukuru Mazu, mungu wa kike anayeaminiwa kuwalinda mabaharia. Hapo ndipo lilipojengwa hekalu la Thian Hock Keng, lililokamilika mwaka 1842. Leo bahari imejazwa udongo na hekalu limebaki ndani ya mji. Chama cha Wahokkien kiliendesha shughuli zake humo humo hekaluni, na vyama kama hicho, vilivyofuata ukoo au wilaya ya asili, vilimpokea mgeni, vilimtafutia kazi na mahali pa kulala, vilisuluhisha ugomvi na kuwazika waliokufa bila jamaa. (Wasomaji waliochoshwa na habari za Zheng He, amiri wa merikebu za China, na twiga wa Malindi aliyepelekwa China mwaka 1415 watanisamehe nikikumbusha kwamba amiri huyo, mzaliwa wa nyumba ya Kiislamu, alisimamisha jiwe la maandishi mwaka 1431 kumshukuru Mazu huyo huyo kwa ulinzi wake safarini.)

Sisemi kwamba vyama hivyo vilikuwa vya malaika. Baadhi viliendesha kamari na biashara ya kasumba, na vingine vilikuwa vya siri na vya fujo. Mwaka 1867 mji wa George Town, kisiwani Penang katika Malaysia ya leo, ulipigana kwa takriban siku kumi kati ya Ghee Hin na Toh Peh Kong, vyama viwili vya Wachina. Lakini tazameni nani walikuwa washirika wao: Ghee Hin waliungana na Bendera Nyeupe, Toh Peh Kong wakaungana na Bendera Nyekundu, navyo hivyo vilikuwa vyama vya Waislamu wa mji huo huo. Watu wasiochanganyika hawapati washirika wa namna hiyo hata katika ugomvi.

Pale ambapo kweli walijitenga, mara nyingi sheria ndiyo iliyowatenga. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1875 ambayo kwa vitendo iliwazuia wanawake wa Kichina kuingia, kisha mwaka 1882 ikawafungia mlango vibarua wenyewe, na marufuku hiyo haikufutwa hadi 1943. Afrika Kusini, kati ya 1904 na 1910, iliwaleta zaidi ya wanaume 60,000 kuchimba dhahabu Witwatersrand, ikawaweka katika kambi za migodi, ikawakataza kufanya biashara na kumiliki ardhi, kisha ikawarudisha kwao. Ni uonevu kumfungia mtu kambini halafu kumlaumu kwamba hajui majirani.

Hata hao waliotengwa hawakuacha ya kwao. Wachina wengi wa California waliagiza kwamba wakifa wazikwe kwa muda tu. Baada ya miaka kadhaa mifupa ilifukuliwa, ikasafishwa, ikatiwa sandukuni pamoja na jina la marehemu na la kijiji chake, na kupelekwa Hong Kong, ambako taasisi ya hospitali ya Tung Wah iliipokea na kuitunza hadi jamaa wafike. Kwa sisi Waislamu kufukua kaburi ni jambo zito, wala siwaombi wasomaji walipende. Nauliza tu kama watu wasio na dini wangegharimika kiasi hicho kwa ajili ya maiti.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Mauritius. Mtaa wa Wachina wa Port Louis uko jirani na msikiti wa Jummah. Wengi wa wazao wa wahamiaji hao sasa ni Wakatoliki, na wako wanaotoka kanisani na bado wakawasha udi kwa ajili ya wazee wao. Mwaka mpya wa Kichina ni sikukuu ya taifa zima.

Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kujenga reli yetu, bila familia na kwa muda maalumu, hawawezi kulinganishwa na watu wa Port Louis. Wako karibu zaidi na wale wa Witwatersrand, ingawa hawakufungwa na sheria kama ile. Wa kuangaliwa ni wale wachache wenye maduka na mikahawa mjini, waliokaa nasi miaka mingi. Ningependa waandishi wako, Mhariri, wanapokwenda kuwahoji kuhusu bei na mikataba, wawaulize pia wanaadhimisha wapi sikukuu zao, nani huwafungisha ndoa, na wanamzika wapi anayefariki hapa.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa