Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo. Mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzangu, habari za mchana. Nimetumwa na klabu ya afya nisome hii risala na nimeambiwa nisizidishe maneno maana chakula kinapoa, kwa hiyo salamu zingine ntaziruka mnisamehe.

Mheshimiwa, risala za afya za kaka na dada zetu zilikuwa bangi, pombe na mimba basi. Hatusemi vimeisha, vipo, ila mambo yamegeuka sana na wazazi wengine bado wanatunusa midomo na kupekua mifuko ya suruali wakati kinachotumaliza kipo kwingine kabisa. Serikali yetu ya Tanzania ilivyopiga marufuku viroba, zile pombe kali za pakiti, Machi 2017 sisi tulikuwa watoto wa darasa la pili la tatu huko, wengi wetu tunavijua kwa kuona pakiti tupu barabarani tu. Shisha ilishakatazwa 2016. Hata mimba zimepungua, utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wasichana 27 kati ya 100 wa miaka 15 mpaka 19 walishazaa au kushika mimba, ule wa 2022 ukakuta 22, na tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani kitu ambacho dada zetu hawakukipata. Tunashukuru sana kwa hilo. Ila akirudi anaitwa mama nanii mpaka na vitoto vya fomu wani, sasa huyo atasoma kwa amani gani? Waraka hauwezi kuzuia kicheko.

Sasa kilichoingia ni kubeti mheshimiwa. Sheria inasema miaka 18 lakini laini ni ya mama, au ya dada wa dukani, kijana anaweka mia tano ya mchango wa uji, mkeka (yaani zile mechi alizobashiri) unachanika, kesho anaweka elfu ili airudishe ile mia tano, na hiyo haina harufu wala haimfanyi mtu apepesuke kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua mpaka ada iishe. Kingine ni enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Zinauzwa hapo nje getini kama maji, mtu anakunywa mbili usiku akeshe kujisomea, kiukweli nusu ya huo usiku yupo kwenye video fupi fupi, asubuhi kipindi cha kwanza kichwa mezani, mwalimu anadhani ni mvivu. Ni kafeini na sukari, hakuna akili iliyofungwa kwenye kopo.

Halafu kuna huzuni, na hapa naomba nisimame kidogo. Mwalimu wetu wa baiolojia alituonyesha takwimu za Marekani, wenzetu wanawauliza wanafunzi wa sekondari tangu 1991, kati ya 2011 na 2021 wanaokunywa pombe walishuka kutoka asilimia 39 mpaka 23 lakini wanaosema wana huzuni isiyoisha au wamekata tamaa wakapanda kutoka 28 mpaka 42. Yaani chupa imepungua na majonzi yameongezeka. Hapa shuleni kwetu hatujawahi kuulizwa darasani kwa namna hiyo, ila ukikaa na sisi chini ya mwembe utasikia, fulani picha yake imesambazwa kwenye grupu, fulani hali chakula anataka apungue, fulani anacheka mchana kutwa halafu usiku anaandika statasi za kutisha.

Aende kwa nani sasa? Mwalimu wa ushauri na unasihi tunaye, tunampenda, ila ndo huyo huyo mwalimu wa nidhamu (wenzangu msicheke). Ukimwambia jumatatu kwamba umebeti ada, jumanne unaitwa mstarini.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni hilo, hizo kazi mbili zigawanywe kwa watu wawili na huyo wa ushauri apatiwe sehemu ya kukaa yenye mlango, hata stoo ya vitabu ikipangwa vizuri inatosha. Uwanja wa netiboli ndo palipojengwa madarasa mapya, madarasa tunayapenda, ila Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kijana anatakiwa kuuchangamsha mwili dakika 60 kila siku na sisi wasichana saa hizi tunaangalia wavulana wakicheza, basi tupatiwe hata kipande kule nyuma ya vyoo tutakifyeka wenyewe. Wenye maduka getini mheshimiwa ukiongea nao wewe watasikia, sisi tukiongea wanatuuliza tuna shida gani.

La mwisho. Kuna namba 116 ya kumsaidia mtoto, ni ya bure, imebandikwa hapo kwenye ubao wa matangazo. Na pembeni yake limebandikwa tangazo kwamba mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni. Tunaomba shule iweke simu moja kwa matroni ya kupigia namba hiyo tu. Kitochi kinatosha, simu janja hatuitaki.

Naomba kuwasilisha.