Mdogo wangu, mtungi wa gesi usikae mtupu jikoni

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu swali uliloniuliza kwenye simu si lako peke yako. Ulisema shemeji anaacha elfu kumi mezani kila asubuhi, hamna anasa yoyote, nyama mnaiona Jumapili, na bado mwezi ukifika katikati unakopa unga kwa Mangi. Ukataka nikuambie unakosea wapi.

Nimekusikiliza vizuri. Hukosei kwenye kula, wala wewe si mfujaji. Hela inaingia nyumbani kwako kwa siku, basi na wewe unanunua kwa siku. Anayenunua kwa siku ananunua kwa vipimo, na hapa Dar es Salaam mnunuzi wa vipimo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote. Tajiri wa Mikocheni analipia lita moja ya mafuta ya kupikia pungufu ya unavyolipa wewe Mbagala. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Hebu tuanze na hayo mafuta. Ulinitajia kipimo cha mia nane. Kesho nenda na chupa ya maji ya nusu lita, mwombe Mangi akumiminie humo, uone ni vipimo vingapi vinaijaza. Vikiwa vinne, lita moja unainunua kwa 6,400. Dumu la lita tano likiuzwa 27,000, lita yake ni 5,400. Elfu nzima imekwenda kwa kila lita, na hukuila. Mangi hakuibii, maana naye ana kodi ya fremu na mafuta mengine yanabaki kwenye kipimo. Ila huduma ya kupimiwa unailipia kila jioni bila kujua. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sukari ya robo, kwa sabuni ya unga ya pakiti ndogo, kwa majani ya chai ya mia mia. Vingine utakuta tofauti ni ndogo sana, hivyo viache kama vilivyo. Tunatafuta vile vyenye tofauti kubwa.

Kwako chenye tofauti kubwa kuliko vyote ni moto. Unanunua makopo mawili ya mkaa kwa siku, elfu moja kila kopo. Hiyo ni 60,000 kwa mwezi. Na pale pembeni ya kabati umesimamisha mtungi wa gesi wa kilo 6 uliopewa kwenye kicheni pati, na jiko lake, mtupu tangu gesi ya kwanza ilipoisha. Nilipokuuliza kwa nini hujaujaza, ukasema huwezi kuishika 24,000 kwa pamoja. Naamini. Lakini tazama: 24,000 ni mkaa wako wa siku kumi na mbili tu, na gesi hiyo, kwa nyumba ya watu watatu isiyopikia maharage na makande juu yake, inaweza kukaribia mwezi.

Tangu mwaka 2024 nchi ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mitungi imegawiwa kwenye mikutano mingi, na ni jambo jema. Ila nyumba nyingi ninazozijua zinao mtungi tayari. Kinachozishinda ni kuujaza mara ya pili, kwa sababu mkaa unauzwa kwa elfu moja na gesi ya mitungi hii haiuzwi hivyo.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuipata hiyo 24,000. Usiikope. Usiende kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa wa kausha damu, na usipakue programu ya mkopo kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali, na mengi ya namna hiyo yanakuchukulia namba za watu wako wote ili yakudhalilishe ukichelewa. Mkopo wa kujazia gesi unarudisha palepale ulipotoka.

Ipate kwenye mkaa wenyewe. Maharage yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage, uyachemshe ya siku mbili kwa moto mmoja. Ya kesho yatie chumvi kidogo, yachemke tena usiku kabla ya kulala, na asubuhi yapashe mpaka yachemke. Siku hiyo ya pili kopo moja linatosha. Sufuria ifunikwe, wakati wote. Jiko lako lile la bati lililotoboka badilisha ukipata nafasi uchukue jiko banifu la udongo, linatunza joto na mkaa unakaa. Kila siku unayotumia kopo moja, ile elfu moja iingie kwenye kibubu siku hiyo hiyo, kabla ya mchana, maana hela iliyolala kwenye khanga haifiki jioni. Na kama kwenye mchezo wenu wa mtaani unaweza kubadilishana zamu na mwenzio upokee mapema, ongea naye.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penye siri ya barua yote. Ukishaujaza mtungi, usiache kununua mkaa. Namaanisha ile elfu mbili iendelee kutoka kila asubuhi kama kawaida, lakini sasa unajilipa wewe. Uione kama imekwenda kwa muuza mkaa. Gesi ikikaa siku ishirini na tano tu, kibubu kina 50,000. Toa 24,000 ya kujaza tena, toa elfu chache za mkaa wa maharage, na bado una zaidi ya 15,000 ambayo haikuwepo. Hiyo ongezea hela ya vipimo vya mafuta ya siku chache, unachukua dumu la lita tano. Kisha ile mia nane ya mafuta nayo iendelee kuingia kwenye kibubu. Dumu litazaa sukari ya kilo tano, sukari itazaa kiroba cha sembe. Mimi huuita huo mtaji wa jiko. Watu wengi wananunua kwa jumla mara moja, wanafurahi kwamba wiki hii hakuna gharama, hela ya kila siku inapotelea kwenye vocha na chipsi, na dumu likiisha wanarudi kwenye vipimo na kulaumu maisha.

Kuna hatari moja ya kununua kwa wingi, na hakuna anayeisema: mkono unalegea. Penye dumu watu wanamwaga. Mafuta yatoe kwenye dumu uyatie kwenye chupa ndogo ya siku tatu, dumu lirudi chini ya kitanda. Sukari hivyo hivyo. Na vitu vinavyooza usivikimbilie. Tenga la nyanya la Ilala ni rahisi kwa bei ya kila nyanya, lakini bila jirani wa kugawana naye nusu itaozea kwako.

Kuhusu mtungi, mambo mawili tu. Muuzaji wa gesi anatakiwa awe na mizani, kwa kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na ni haki yako kupimiwa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe. Jumlisha kilo 6, hapo utapata uzito unaotakiwa kuusoma kwenye mizani. Usione aibu kumwambia aupime mbele yako. Halafu andika kwenye karatasi tarehe uliyoufunga mtungi kwenye jiko, uibandike ukutani, ujue kweli unakukalia siku ngapi, badala ya kuhisi.

Umeme. Nashukuru kila mpangaji hapo kwenu ana LUKU yake. Angalia risiti ya pili ya mwezi, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. (Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Zungumzeni naye kwa heshima aipunguze kwenye pango, kwa mwaka inafika 18,000.) Elfu moja ikikupa uniti 8 na kidogo, uko D1, daraja la wateja wadogo, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Ikikupa uniti 2.8, uko T1, daraja la matumizi ya kawaida, unalipa 292 kabla ya tozo, kama 356 zikishaongezwa. Nyumba yako ina taa, redio, simu na pasi, huwezi kufika uniti 75. Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya uombe kuhamishiwa D1. Huo ni unafuu mkubwa wa saa chache za kukaa kwenye foleni. Ila ukishaupata uchunge, kwa sababu uniti zinazozidi 75 zinapanda hadi 350.

Ukiwa D1, siku moja mtaji wa jiko ukikomaa, nunua jiko la presha la umeme. Lenye wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kuzima linakula uniti moja, na lenyewe huwa linazima na kuwaka, kwa hiyo maharage nusu kilo hayafikishi hata hiyo uniti. Kwa bei ya D1 ni chini ya 122. Linganisha na kopo la mkaa.

Simu nayo: shemeji akikutumia hela, usiitoe kwa wakala kidogo kidogo. Makato yanakwenda kwa kila muamala, na elfu tano mara nne ni makato mara nne.

Kitu nisichotaka ukibane ni chakula cha mtoto. Nimewaona kina mama wanaojisifu kubana matumizi kumbe mtoto anakunywa uji mweupe asubuhi na jioni. Dagaa, maharage, mchicha, yai, hivyo vibaki hata kama mtungi utachelewa wiki moja. Kibubu kisijazwe na njaa ya mtu yeyote nyumbani, hata yako wewe mwenyewe. Nakujua, unajipakulia wa mwisho.

Na shemeji aelezwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andika matumizi ya wiki mbili, umuoneshe pamoja na ile hesabu ya mkaa. Usimwombe aongeze hela. Mwombe siku akipata vizuri kwenye bodaboda aache ya siku tatu kwa pamoja. Mwanaume akiona namba ilivyo, mara nyingi anakuwa mkali wa kibubu kuliko wewe.

Mchele wa Mbeya na Morogoro unaanza kushuka bei baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, na maharage nayo yanaingia kwa wingi katikati ya mwaka. Tafuta majirani wawili unaowaamini, mchange, nami nitajiunga. Tutakwenda Tandale asubuhi mapema tuchukue gunia tugawane. Nitaleta ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ili maharage yasiliwe na wadudu bila ya kutia dawa. Wewe kabla ya siku hiyo nipigie tu uniambie mtungi umejazwa, na chupa ya nusu lita ilijaa kwa vipimo vingapi.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto.

Dada yako.