Safari ya Tunduma imesogezwa hadi Jumamosi

Habari za jioni mama zangu na wadogo zangu, poleni na baridi.

Safari yetu ya mpakani Tunduma ipo, ila si Ijumaa tena. Ni Jumamosi hii.

1. Tukutane stendi ya Nane Nane saa 11:30 alfajiri. Gari linaondoka saa 12 kamili, foleni ya malori Tunduma mnaijua.

2. Mchango Sh 18,000, nauli kwenda na kurudi pamoja na chai. Mwisho Alhamisi jioni, kwa mhazini tu.

3. Beba kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN na sampuli ya bidhaa yako. Wa mchele: nusu kilo kwenye mfuko unaoonyesha, wa Kyela mtupu, msiuchanganye na wa mwaka jana. Mnunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, anaumwaga kiganjani na kunusa kabla hajauliza bei.

Pale mpakani tutauliza hasa kuhusu cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na cheti cha uasili cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Bila hicho cha uasili, mchele wetu unahesabiwa kama umetoka nje ya SADC na ushuru unapanda. Ndiyo maana wengine hukimbilia njia za panya, halafu mzigo wote unakamatwa.

Mkopo wa halmashauri (ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake) tutaujadili garini.

Naomba kila mmoja aandike jina lake na NAJA au SIJI kabla ya kesho saa 2 usiku. Vidole gumba sihesabu jamani, nalipia viti.