Majaribio ya skrini yasitegemee saa

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe watengenezaji wa programu za simu kwamba jaribio la kiotomatiki (yaani msimbo unaobonyeza skrini wenyewe ili kukagua programu) linaloamriwa kusubiri sekunde 3 kabla ya kubonyeza kitufe (kosa ambalo nami nimelifanya mara nyingi) litafaulu leo na kuanguka kesho, kwa kuwa simu hazilingani kasi. Espresso, zana ya kujaribu programu za Android iliyotolewa na Google mwaka 2013, husubiri yenyewe hadi kazi za skrini zitulie. Vilevile, kitufe kitafutwe kwa maelezo yake, si kwa mahali kilipo, maana maelezo hayohayo ndiyo ambayo simu humsomea kwa sauti mtumiaji asiyeona, na jaribio lisipoyapata limefichua kasoro ya kweli.

Wako,
Mtengenezaji wa programu