Sisujudii mikoko

Mhariri,

Siku hizi nikipita barazani vijana wananiita Shehe Mkoko. Jina hilo nililipata kwenye mkutano wa mtaa hapa Mikindani, tulipokuwa tukizungumzia mikoko inayokatwa kwa ajili ya matanuri ya chokaa. Nilisimama nikasema tuache kukata. Mfanyabiashara mmoja akanijibu: "Hawa wameshika dini mpya, wanasujudia miti. Sisi dini tunayo." Watu wakacheka, na habari ya mikoko ikafia hapo hapo.

Mimi si mtu wa semina. Nimechoma chokaa miaka 12. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, ikitoa maji tulishuka kwa miguu na mitaimbo, tukang'oa matumbawe, tukayapanga juu ya magogo ya mikoko na kuchoma usiku kucha. Mkoko ulipendwa kwa sababu moto wake mkali na haufi upesi. Nilipoanza, tumbawe nililipata maji yakiwa magotini. Nilipoacha, tulikuwa tunakodi ngalawa. Hilo sikuoteshwa. Kila aliyechoma nami analijua, na asiyeamini ashuke akatazame.

Kijana wangu aliyeko chuoni ananiambia neno lile la "dini mpya" lina wenyewe. Mwaka 2003, huko San Francisco, mwandishi wa Marekani Michael Crichton alihutubia akisema utetezi wa mazingira ni dini, una bustani yake ya Edeni, dhambi yake na siku yake ya hukumu. Kule, ukiambiwa umeshika dini, maana yake unaamini bila kupima. Likifika kwetu pwani neno hilo hilo linakuwa zito zaidi, kwani kusujudia mti ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Aliyetupiwa hataulizwa tena samaki wamekwenda wapi. Atahangaika kuthibitisha Uislamu wake mbele ya majirani. Mke wangu alilia usiku ule, mimi nilikuwa nacheka.

Ningeweza kumjibu kwa hadithi ya Mtume: Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Nilinyamaza makusudi. Ningeitoa, tungebishana hadithi mpaka magharibi na mikoko ingeendelea kukatwa.

Ila na upande wetu tumemrahisishia. Mwezeshaji mmoja aliwahi kutukusanya akatuambia kukata mti ni dhambi, tutubu. Yeye ametumwa na nani kutugawia dhambi? Angetuambia tu kwamba vifaranga vya samaki na kamba hukulia kwenye mizizi ya mikoko, na sisi wavuvi na wachoma chokaa tungemwelewa bila kutubishwa.

Mfanyabiashara yule nimempelekea salamu: bamvua ijayo tushuke wote, anionyeshe tumbawe hai mahali pa kufika kwa miguu. Mtaimbo wangu bado ninao, nitamwazima. Hajajibu.

Mchoma chokaa wa zamani,
Mikindani, Mtwara