Mugonjwa wa tibi na VIH aulizwe pia juu ya macho

Bwana mhariri,

Nakuandikia kutoka Bukavu, kule Kadutu, kwenye nafanya kazi ya reko, kupita mu manyumba kuangalia kama wagonjwa wa tibi (kifua kikuu) wanakunywa dawa zao. Kitu kinaniuma ni macho. Mugonjwa akifika santre wanamupima kilo, wanamuuliza kikohozi, homa, jasho ya usiku, lakini macho hakuna mwenye anauliza, na yeye mwenyewe ananyamaza, anawaza ni uzee ao ni kuchoka, kisha anaenda kununua dawa ya matone sokoni bila munganga kumuangalia.

Na ule mwenye iko na tibi na VIH (virusi vya ukimwi) pamoja, hatari inamutokea pande nyingi. Tibi haikaake mu mapafu tu, inaweza kufika hata ndani ya jicho. Kinga ikishuka sana, zile chembe za kinga mu damu wanaita CD4 zikifika chini ya 50, kuna virusi wanaita sitomegalo inaharibu retina, ni ile sehemu ya nyuma ndani ya jicho yenye inapokea mwangaza, pole pole, wala haiumi, mutu anaona tu vidoti vinaelea na giza pembeni. Wengine wanaanza ARV, dawa za VIH, kinga inarudia na nguvu, jicho linakuwa jekundu na linauma juu mwili unapigana na mikrobi yenye ilikuwa imejificha. Kisha kuna etambutoli, moja ya zile dawa 4 za tibi za miezi 2 ya kwanza: inaweza kugusa mushipa wa fahamu wa jicho, zaidi kama figo ni mugonjwa ao dozi haifuate kilo, na mutu anaanza kuchanganya rangi nyekundu na kijani. Ikisimamishwa mapema mara nyingi macho inarudia, ukichelewa inaweza kubaki vile.

Lakini tafazali, mutu asiache dawa yeye mwenyewe! Munganga njo anasimamisha ile moja, zingine zinaendelea. Wale wanatupa zote, tibi inawarudilia kali kuliko mbele.

Chenye naomba si mashini ya bei. Siku ya kuanza dawa, mugonjwa asomeshwe ile karatasi ya herufi ya ukutani, jicho moja moja, aoneshwe na rangi, waandike mu fishi, kisha kila mwezi akikuja kuchukua dawa aulizwe tena. Akisema haone muzuri, atumwe kwa daktari wa macho siku ile ile, asiambiwe arudie mwezi wenye kuja.

Reko wa Kadutu, Bukavu